Namna ya kufundisha mazingira kwenye somo la sayansi bila kuwafungia watoto akili

Walimu wenzangu habari zenu. Mi nafundisha biolojia na kemia kidogo, sekondari huku upande wa Tororo, mashariki mwa Uganda, mwaka wa kumi na tatu sasa, na haya ninayoandika nimekaa nayo muda mrefu. Nianze na siku iliyonigeuza. Nilikuwa nafundisha S.2 (sekondari mwaka wa pili), topiki ya mazingira, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa WAHARIBIFU WA MAZINGIRA, alafu chini yake nikaanza kupanga: wanaolima mpunga kwenye swampu (kinamasi), wanaochoma makaa, wanaofyatua matofali, wanaopanda mikaratusi kando ya mto. Watoto wakanakili kimya kama kawaida. Kipindi kilipoisha kijana mmoja mpole, mzuri sana wa hesabu, akanifuata mpaka mlango wa ofisi ya walimu akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo baba yangu ni mharibifu?" Ada yake yote ya shule inatoka kwenye mpunga wa swampu. Nikamwambia tutaongea kesho, na kesho yake hakuuliza tena, na muhula mzima hakunyoosha mkono.

Siku ile sikufundisha sayansi hata dakika moja. Sikuwaambia swampu inasafishaje maji, mpunga unabadilisha nini, nani alipima, alipima vipi. Niliwapa hukumu wakainakili. Na usidhani ni mimi peke yangu, vitabu vyetu vingi na maswali mengi ya mtihani yako hivo, orodha ya makosa na orodha ya suluhisho, mtoto anakariri "panda miti, usikate miti" anapata maksi zake na maisha yanaendelea kama jana.

Kuwa na akili iliyo wazi, kwangu mimi, ni hivi: ukiletewa ushahidi unakubali kusogea, ukiletewa maneno matupu hausogei. Vyote viwili kwa pamoja. Watu wengi wanachukua kile cha kwanza tu wanadhani mwalimu mwenye akili wazi ni yule anayesema "kila mtu ana maoni yake", hapana, hiyo ni kuwaacha watoto njiani. Hatua zifuatazo ndo ninazotumia sasa, zinachukua wiki tatu hivi ukiwa na vipindi vinne kwa wiki, na hazihitaji maabara ya maana.

Hatua ya 1: Chagua kitu kimoja tu, na kiwe karibu na shule

Usianze na Amazon wala dubu wa kule kwenye barafu. Tafuta jambo ambalo watoto wanaweza kulifikia kwa miguu wakarudi kabla ya chakula cha mchana: mikaratusi ya jirani, swampu iliyogeuzwa shamba, kaveera (mifuko ya plastiki) kwenye mfereji wa soko, machimbo ya mchanga, makaa. Sisi tulichukua swampu na mikaratusi kwa sababu vyote viko chini ya kilima cha shule. Ukiwa Jinja utachukua ziwa, ukiwa Mbale mto na miteremko, ukiwa Gulu makaa na miti ya moyao (ile ya mafuta ya shea). Kimoja tu. Ukichukua vinne utaishia kuandika orodha kama mimi zamani.

Hatua ya 2: Panga maswali kwenye vikapu vitatu kabla hujaingia darasani

Hii ndo hatua yenyewe, nyingine zote zinaifuata, kwa hiyo niwie radhi nitakaa hapa kidogo.

Ukishachagua jambo, andika maswali yote unayoweza kufikiria juu yake, yafike hata thelathini, alafu yagawe. Kikapu cha kwanza ni maswali ambayo ushahidi umeshatosha. Cha pili ni maswali ambayo wanaopima bado wanabishana, au bado hakuna aliyepima pale kwenu. Cha tatu ni maswali ambayo hata ukipima mpaka mwisho wa dunia kipimo peke yake hakikupi jibu, kwa sababu yanauliza tunataka nini, nani abebe mzigo, nani aamue.

Mfano wa kikapu cha kwanza. Je, kaboni dayoksaidi inaongezeka angani na inaongeza joto la dunia, na je, sababu kubwa ni binadamu? Hili limeshajibiwa. Kule Mauna Loa, Hawaii, walianza kupima mwaka 1958 wakapata kama sehemu 315 kwa milioni, sa hii imepita 420. Na tunajua inatoka wapi, maana kaboni iliyokaa ardhini mamilioni ya miaka kwenye mafuta na makaa ya mawe haina tena kaboni-14 (aina ya kaboni inayooza na kuisha yenyewe kadiri miaka inavyopita), na ukipima hewa unaona alama ya hiyo kaboni ya zamani ikiingia (wanafunzi wa S.4 waliofika kwenye isotopu, yaani aina tofauti za elementi moja, wanalipenda sana hili, linawapa sababu ya isotopu kuwepo duniani). Kwa hiyo usiweke mdahalo darasani wa "mabadiliko ya tabianchi yapo au hayapo" eti kwa jina la kuwa muwazi. Ukiweka pande mbili sawa mahali ambapo ushahidi umelala upande mmoja, unawadanganya watoto kuhusu sayansi inavyofanya kazi. Mtoto akileta shaka, mpokee vizuri, muulize ni kipimo gani kingemtosheleza, alafu mtafute pamoja hicho kipimo. Hapo umekuwa muwazi na ushahidi umebaki mahali pake.

Kikapu cha pili, mfano wangu ninaoupenda ni gugu maji. Wazee wa Port Bell na Jinja wanakumbuka, lile gugu lenye asili ya Amerika ya Kusini lilionekana kwenye Ziwa Victoria upande wetu mwishoni mwa miaka ya 1980, likafunga fukwe, mitumbwi ikashindwa kutoka, likasumbua mpaka mitambo ya umeme. Mwaka 1995 wakaachia fukusi, vile vidudu vinavyokula gugu hilo, na kufika 1998 sehemu kubwa ya gugu ikawa imezama. Wengi wakasema fukusi wameshinda. Lakini katikati hapo, 1997 kuingia 1998, ilikuja El Niño, mvua nzito, mawingu, mawimbi, maji kupanda, na wanasayansi wengine wakasema hali ya hewa ndo ilivunja gugu, wengine wakasema vyote viwili, fukusi walilidhoofisha na mawimbi yakamalizia. Wamebishana kwa data, kwenye majarida, watu wanaoheshimiana. Hii ni zawadi kwa mwalimu. Waambie watoto: mngekuwa nyie mwaka ule, mngepima nini ili mjue ni fukusi au ni mvua? Kuna binti wangu mmoja alisema angetafuta ghuba yenye gugu lakini isiyo na fukusi aone kama nalo lilizama, S.2 huyo, nikaketi kabisa.

Kikapu cha tatu, Mabira. Mwaka 2007 serikali ilitaka kutoa hekta kama 7,100 za msitu wa Mabira, ambao wote ni kama hekta 30,000, ulimwe miwa. Watu wakaandamana Kampala mwezi wa nne na kuna waliokufa. Hapo ndani kuna maswali ya kikapu cha kwanza na cha pili, hekta moja inatoa sukari kiasi gani, msitu unashikilia maji vipi, ndege gani wanaishi pale, hayo yapime. Lakini "sukari na ajira au msitu" hakuna kipimajoto cha kukujibu. Watoto wajue kabisa wakati wanavuka kutoka upande wa kupima kwenda upande wa kuchagua, maana watu wazima wengi wanavuka bila kujua alafu wanatukanana.

Kitu kimoja kinaweza kukaa kwenye vikapu viwili. Barafu ya milima ya Rwenzori imepungua, hilo si mjadala, mwaka 1906 ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5 na 2003 ilikuwa haifiki hata 1. Lakini kiasi gani ni kwa sababu ya joto lenyewe na kiasi gani ni kwa sababu ya mawingu na unyevu kupungua, hapo wataalamu wamevutana. Waonyeshe hivyo vyote kwa siku moja, wataona kwamba kutokuwa na uhakika wa sababu hakufuti uhakika wa jambo lenyewe. Sijapata somo bora la sayansi kuliko hilo.

Na kosa la upande wa pili lipo pia, na sisi tunaopenda mazingira ndo tunalifanya. Kila mvua kubwa ikinyesha tunasema tabianchi. Maporomoko ya Bududa ya tarehe 1 Machi 2010, kijiji cha Nametsi, yaliua mamia ya watu, na pale kuna mteremko mkali, udongo wa mfinyanzi, mvua ya siku nyingi, miti iliyokatwa, mashamba juu ya mlima, watu wengi kwenye ardhi ndogo. Ukimwambia mtoto wa Bugisu, eneo hilohilo la Bududa, "ni tabianchi" ukanyamaza umemnyang'anya nafasi ya kufikiri juu ya mlima wake mwenyewe. Joto la dunia linafanya mvua nzito ziwe nzito zaidi, hilo sema, lakini sema na yale mengine.

Hatua ya 3: Waandike wanachoamini kabla hujafundisha lolote

Kipindi cha kwanza kabisa mpe kila mtoto nusu karatasi. Aandike mambo mawili. Moja, naamini nini kuhusu hili jambo (kwa sisi: mikaratusi inakausha maji, ndiyo au hapana, kwa nini). Pili, ni kitu gani nikikiona nitabadilisha mawazo. Hiyo ya pili ndo inawasumbua, mara ya kwanza wengi waliacha wazi, mwingine akaandika "hakuna kitu". Usimkaripie. Chukua karatasi zote, weka kwenye bahasha, na we mwalimu pia andika ya kwako uiweke humo mbele yao. Nilipofanya hivo darasa lilibadilika sura, hawajazoea kuona mwalimu anaandika kwamba anaweza kuwa amekosea.

Usisome majina kwa sauti hata siku moja. Usiulize "nani hapa kwao wanachoma makaa?" Mwaka 2023 ilipotoka amri ya kusimamisha makaa ya biashara kaskazini, kuna familia zilipoteza mapato yao kwa usiku mmoja, na watoto wao wako madarasani kwetu. Mtoto ambaye anaona somo linamshambulia mama yake atafunga masikio, na ana haki.

Hatua ya 4: Pimeni

Maneno yakizidi darasani watoto wanamfuata mwenye sauti kubwa, ndo maana lazima mpime. Nitaeleza vipimo viwili tulivyofanya kwa pesa kidogo sana.

Kipimo cha majani. Tafuta kaveera zisizo na rangi, zile zinazoonyesha ndani, ziwe za saizi moja (najua kaveera nyembamba zimekatazwa kisheria tangu 2009, lakini ziko kila mahali, okoteni zilizotumika muoshe mkaushe vizuri, na mkimaliza mzitunze za mwaka ujao). Asubuhi funga kaveera kwenye tawi la mkaratusi, nyingine kwenye mwembe, nyingine kwenye mti wa kienyeji wowote ulio karibu, matawi yote yawe juani, kaza na uzi shingoni hewa isitoroke. Acha saa tatu. Rudi, gonga kaveera taratibu maji yashuke kwenye kona, vuta kwa sirinji ya duka la dawa isiyo na sindano, soma mililita. Alafu chuma majani yote yaliyokuwa ndani ya kaveera, yalaze kwenye karatasi ya grafu, chora pembeni, hesabu miraba, upate eneo. Gawa maji kwa eneo. Rudia siku tatu, na kila kundi liwe na miti yake.

Sasa uzuri unakuja kwenye kubishana juu ya kipimo chenyewe. Kaveera yenyewe inajaza unyevu na kupunguza kasi ya jani kutoa maji, sawa? Tawi moja si mti mzima, mkaratusi mkubwa una majani mangapi? Mizizi inafika wapi? Ulipimwa siku ya jua au ya mawingu? Waache wakosoe mpaka wachoke, wewe andika ubaoni kila kasoro. Kuna kundi langu moja lilikuta mwembe umetoa maji mengi kwa eneo kuliko mkaratusi na wakaogopa kuniletea, wakadhani wamekosea kwa sababu kila mtu anajua mkaratusi ni mnyonya maji. Nikawaambia leteni hivohivo. Tukakaa tukaelewa kwamba mkaratusi unakunywa sana hasa kwa sababu unakua haraka na watu wanaupanda mwingi kwa kusongamana, na mahali ulipopandwa panahesabika, kwenye swampu au kando ya chemchemi si sawa na juu ya kilima kikavu. Hiyo ni tofauti kabisa na "mkaratusi mbaya". Na pia tukaweka mezani kwamba nguzo, fito na kuni za wilaya nzima zinatoka kwenye hiyo mikaratusi, bila hiyo wangekata nini?

Kipimo cha swampu. Chukua chupa mbili za soda za lita moja na nusu, zilaze, kata dirisha upande wa juu, jaza udongo uleule. Moja acha udongo mtupu, nyingine pandikiza nyasi za swampu pamoja na mizizi yake, subiri wiki mbili zishike (kwa hiyo anza mapema). Inua kidogo upande wa kitako, mwaga maji ya tope polepole, kinga yanayotoka mdomoni. Kupima uchafu hauhitaji mashine: chora alama ya msalaba mweusi kwenye karatasi, weka glasi ndefu juu yake, mwaga maji taratibu huku unaangalia kutoka juu mpaka msalaba upotee, pima kina kwa rula. Kina kikubwa maji masafi. Mtoto aliyefanya hivo kwa mkono wake ukimwambia kwamba maji machafu ya Kampala yanapita kwenye swampu ya Nakivubo kabla ya kuingia kwenye ghuba ileile ambayo Ggaba wanachota maji ya kunywa ya mji, hapo macho yanafunguka, hauhitaji kuongeza mahubiri.

Kama shule ina kisima kifupi karibu na miti, ongeza na hii: kamba yenye jiwe, kila Ijumaa mtoto mmoja anapima kina cha maji, mwaka mzima. Rahisi kabisa na inafundisha uvumilivu, tena inazuia ile tabia ya kuona wiki moja ya ukame na kutangaza mwisho wa dunia.

Hatua ya 5: Alika watu, na waalike wanaotofautiana

Tulimwita mzee mmoja wa kijiji anayekumbuka swampu ilivyokuwa, mama mmoja anayelima mpunga pale, na afisa mazingira wa wilaya. Mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji) mtaarifu kwanza, ni adabu na pia ni usalama wako. Waandae watoto kuuliza kama wanavyouliza wageni wa heshima, "mzee shikamoo, tunaomba utueleze", na maswali yaandikwe siku moja kabla. Mama alisema sentensi moja ambayo haiko kwenye kitabu chochote tulicho nacho, kwamba shamba la juu alilolirithi ni robo eka na lina mawe, sasa watoto sita wale nini. Afisa akaeleza sheria, kanuni za mwaka 2000 zinaacha mita 30 kando ya mito ya kawaida, 100 kwenye mito mikubwa iliyotajwa, 200 kwenye maziwa makubwa. Mtoto mmoja akauliza, "kwa nini 30, nani alipima?" Usimzime mtoto kama huyo, hata kama mgeni ataona aibu kidogo.

Mzee alisema zamani mvua ya kwanza ilikuwa inashika tarehe zake, haikosei. Tororo kuna kituo cha hali ya hewa, kwa hiyo kumbukumbu ya mzee inaweza kuwekwa kando ya namba. Fanya hivo kwa heshima, ukianza na dhana kwamba mzee anaweza kuwa ameona kitu ambacho kipimo hakikukamata, na pia kwamba kumbukumbu ya mtu inachagua.

Hatua ya 6: Mdahalo, lakini kwa sheria mbili

Mdahalo wa kawaida wa shule, ule wa hoja yangu inashinda na makofi, hapa unaharibu. Mi naweka sheria mbili tu. Ya kwanza, unatetea upande ambao hukuuandika kwenye karatasi yako. Ya pili, kabla hujajibu unarudia hoja ya mwenzako mpaka yeye mwenyewe aseme "ndiyo, ndo nilichosema".

Topiki nzuri ya mazoezi, kabla hujagusa ile ya nyumbani kwenu yenye joto, ni DDT, ile dawa ya kuua wadudu. Mwaka 2008 serikali ilipulizia DDT ndani ya nyumba kule Apac na Oyam kuua mbu wa malaria. Wakulima na wanunuzi wa pamba ya ogani (inayolimwa bila dawa za viwandani) wakalalamika kwamba masoko ya nje yatakataa pamba yao, wakaenda mahakamani na upuliziaji ukasimamishwa. Mkataba wa Stockholm unazuia DDT lakini unaruhusu matumizi ya kupambana na wadudu wanaoeneza magonjwa. Unaona ilivyo? Upande mmoja watoto wanaokufa na malaria, upande mwingine riziki ya mkulima na sumu inayokaa muda mrefu kwenye mafuta ya viumbe. Hakuna mtu mbaya humo ndani. Watoto wakishaona mgogoro ambao pande zote zinalinda uhai, wanarudi kwenye swampu yao na ulimi mwingine kabisa.

Darasa likiwa na watoto tisini, na wengi wetu tunao tisini, gawa makundi ya wanane wanane, mdahalo ufanyike kwenye kila kundi kwa wakati mmoja, kelele zitakuwepo na mkuu wa shule atachungulia dirishani, muambie mapema.

Hatua ya 7: Maoni yako wewe mwalimu

Wataniuliza, "ticha wewe unaona nini?" Kwenye kikapu cha kwanza jibu mara moja, wazi, usizungushe. Kwenye cha pili sema unaegemea wapi na kitu gani kingekuhamisha. Kwenye cha tatu mi nasubiri mpaka mwisho, nasema maoni yangu na kusema kwamba ni yangu, maana ukisema mwanzoni nusu ya darasa itaandika unachotaka kusikia. Mambo kama bomba la mafuta la kutoka Hoima mpaka Tanga, kilomita 1,443, yana siasa kali, hapo fundisha kile kinachopimika (kwa nini bomba lazima lipashwe moto, kwa sababu mafuta yetu yana nta yanaganda, hiyo ni kemia safi), waonyeshe maswali ya kuchagua yako wapi, na usiwatume watoto kubeba mabango. Kazi yao ni kuelewa kwanza.

Hatua ya 8: Kutoa maksi

Usitoe maksi kwa msimamo. Toa kwa haya: alitaja ushahidi? alitaja kasoro ya kipimo chake? alieleza upande wa pili kwa haki? alitenganisha cha kupima na cha kuchagua? Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unataka uwezo na projekti, kwa hiyo ripoti ya mikaratusi inaingia moja kwa moja kwenye alama za darasani, hauibi muda wa silabasi. Kwa anayeogopa mtihani wa UNEB (baraza la mitihani la taifa), watoto hawa wanajibu maswali ya kimazingira kwa kurasa mbili bila kukariri.

Mambo mawili yatakayokupata

Kuna atakayesema "mvua analeta Mungu". Katika darasa langu wapo Wakatoliki, Waislamu, walokole, na hakuna hata mmoja ninayemcheka. Nawaambia sisi hapa hatubishani nani analeta mvua, tunapima zimeletwa milimita ngapi, alafu tunaendelea. Haijawahi kuleta ugomvi.

Na kuna mzazi atakuja kuuliza mnafundisha nini juu ya shamba lake. Huyo mkaribishe, muonyeshe chupa mbili na kipimo cha msalaba, mpe afanye mwenyewe kwa mkono wake. Baba wa yule kijana wangu wa mpunga alikuja hivo, mwaka uliofuata, baada ya mdogo wa kijana huyo kuanza hizi hatua. Alimwaga maji mara tatu akiangalia ule msalaba unavyopotea, akaniuliza kama nyasi zikiachwa mstari mmoja tu pembeni ya mto inasaidia. Nikamwambia sijui, tunaweza kupima. Tulikata chupa ya tatu palepale, nusu mpunga nusu nyasi, na ikasaidia, maji hayakuwa masafi kama ya nyasi tupu lakini yaliyazidi sana kwa usafi yale ya udongo mtupu.

Zile karatasi za kwanza kwenye bahasha usizitupe. Siku ya mwisho ya topiki warudishie, waandike nyuma yake nini kimebadilika na kwa sababu ya kipimo gani, au kwa nini hakijabadilika. Zikusanye tena, zifunge, andika mwaka juu, na wakifika S.4 wape tena.